Chakula cha Katoro: Kilikotoka na Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji

Na Mwandishi Wetu, Katoro

Msafiri anayetoka Geita mjini kuelekea Chato na Bukoba hufika Katoro akidhani ameingia katika mji mmoja mrefu. Maduka yamesogea hadi ukingoni mwa barabara, pikipiki zinapenya katikati ya mikokoteni ya mahindi, na mahali inapoishia Katoro ndipo inapoanzia Buseresere, ingawa Katoro ipo Wilaya ya Geita na Buseresere ipo Wilaya ya Chato. Mwezi Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliitaja Katoro miongoni mwa majimbo 8 mapya ya uchaguzi. Wengi wanaufahamu mji huu kwa dhahabu na biashara. Makala haya yanaeleza kinachopikwa hapa, kilikotoka, na sababu za mlaji kuuliza maswali machache kabla ya kunawa mikono.

Wenyeji wa ukanda huu ni Wazinza, watu wa migomba, mihogo na uvuvi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulioanza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966 ulileta vibarua kutoka mbali. Kisha, kati ya mwaka 1947 na 1956, serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ambao sehemu yake ilikuwa kuwahamishia Geita Wasukuma na mifugo yao kutoka maeneo yaliyobanwa na uhaba wa ardhi. Wakaja na mtama, viazi vitamu, karanga na maziwa mgando. Wachimbaji wadogo wakaongezeka miaka ya 1980 na 1990, na mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa upya Geita. Wahaya, Waha na wengine wengi wakafuata fursa hizo. Ndiyo maana katika kibanda kimoja cha mama lishe utakuta ndizi za kupika, ugali wa muhogo, wali na samaki wa kukaanga, na hakuna mteja anayeshangaa.

Chakula kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni ugali wa udaga. Mgeni huuona umepoteza weupe, unavutika na una harufu kali, akadhani unga umeharibika. Harufu hiyo ni alama ya kazi iliyofanyika. Mihogo michungu hubeba kemikali ambayo, tishu za muhogo zinapovunjika, huzalisha sumu ya sianidi. Kuuchemsha muhogo mchungu ukiwa mzima hakutoshi. Hatua za jadi ni kumenya, kulundika na kufunika, au kuloweka kwa siku kadhaa hadi muhogo ulainike, kisha kukwangua ukungu, kumega vipande na kuanika juani hadi vikauke kabisa. Katika siku hizo za kuvunda muhogo hulainika, sumu hujitenga na nyuzi zake, na sehemu kubwa hutoweka hewani na majini. Bibi aliyemfundisha mjukuu wake kazi hii hakutumia neno sianidi, lakini alijua idadi ya siku, na alijua kwamba siku hazipunguzwi.

Zinapopunguzwa, madhara huwa makubwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Tarime walipooza miguu ghafla, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Watafiti waliufahamu ugonjwa huo kwa jina la konzo na kuuhusisha na ulaji wa mihogo michungu ambayo, kwa sababu ya njaa, haikuandaliwa kwa muda unaotakiwa. Miguu iliyopooza kwa konzo hairudii hali yake ya awali. Tukio hilo lilitokea katika kanda hii hii ya Ziwa, na kwa mji kama Katoro lina uzito wa pekee: hapa mlaji hanunui udaga kutoka kwa jirani aliyemwona akiuanika, bali ananunua unga uliokwishasagwa na kuchanganywa na wa mahindi. Kwa hiyo ni haki yake kumuuliza muuzaji mihogo ilitoka wapi na ilikaa siku ngapi kabla ya kuanikwa. Unga mweupe sana usio na harufu unaweza kuwa wa mihogo mitamu, ambao hauna tatizo. Unaweza pia kuwa wa mihogo michungu iliyoharakishwa, na macho peke yake hayawezi kutofautisha.

Michembe haina mashaka hayo. Viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, huitwa matobolwa. Vyote viwili hukaa miezi mingi bila kuharibika, na hupikwa kwa karanga au huliwa na chai. Kwa mtazamo wa mwandishi, ni kifungua kinywa bora kuliko andazi, na ni jambo la kusikitisha kwamba migahawa mingi ya barabarani huona haya kukiweka kwenye orodha ya vyakula vyake.

Samaki wana historia ya kushangaza zaidi. Sato, anayehesabiwa na wengi kuwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria, aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Sangara naye aliletwa katika kipindi hicho kupitia upande wa Uganda, na aliongezeka sana miaka ya 1980. Samaki wa asili wa jamii ya sato ni ngege, ambaye leo ni nadra. Kanuni za uvuvi haziruhusu sato wa chini ya sentimita 25 wala sangara wa chini ya sentimita 50, hivyo sahani yenye samaki wawili wadogo kwa bei ya mmoja si neema kwa mlaji, bali ni samaki waliovuliwa kabla ya kuzaliana. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 19, 2025, magari ya mizigo kati ya Mwanza na Geita hayasubiri tena kivuko, jambo lenye maana kubwa kwa bidhaa inayooza.

Katika ukanda huu neno mwalo lina maana mbili: mahali mitumbwi inapotia nanga, na mahali mchanga wa dhahabu unapooshwa. Katika mwalo wa pili hutumika zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha huchoma donge hilo. Zebaki hupaa kama mvuke usioonekana, na nyingine hubaki katika tope na kuingia madimbwini, ambako hugeuka kuwa aina inayojikusanya mwilini mwa samaki. Uchunguzi uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Kijiji cha Rwamagasa, wilayani Geita, ulionesha kuwa samaki wa vijito na madimbwi yaliyo karibu na mabaki ya uchenjuaji walikuwa na zebaki nyingi, ilhali samaki wa ziwani katika Ghuba ya Nungwe walikuwa na kiwango kidogo. Kwa mlaji wa Katoro tofauti hiyo ndiyo ya kukumbuka. Sato wa ziwani asiogopwe. Kambare aliyetegwa kwenye dimbwi la mwalo wa dhahabu asiliwe, hasa na mjamzito au mtoto mdogo, kwa kuwa zebaki hudhuru ubongo unaokua. Kumkausha kwa moshi au kumchemsha hakuiondoi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Katika ngazi ya kaya hatua za kwanza hazina gharama: donge lisichomewe jikoni wala karibu na kibanda cha chakula, na sufuria au kikaango kilichotumika kuchomea kisirudi kupikia hata kikisuguliwa kwa mchanga. Mama lishe anayefuata wachimbaji machimboni aweke jiko lake upande ambao upepo unatokea, mbali na wanaochoma.

Kuhusu nishati, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mkaa bado ndio unaotawala vibanda vya Katoro.

Usimamizi wa usalama wa chakula, uliokuwa chini ya iliyokuwa TFDA, ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) Julai 1, 2019, na maafisa afya wa halmashauri hukagua migahawa na vibanda katika maeneo yao. Mwananchi mwenye shaka na unga alionunua asiutupe wote: abakize kiasi katika mfuko safi uliofungwa, aandike tarehe na mahali alipoununua, na aupeleke kwa afisa afya wa kata.