Wikendi na Watoto Wadogo: Homa Bay au Migori?

Wazazi wengi wanaoniomba ushauri kuhusu wikendi ya Nyanza Kusini huja na orodha mkononi. Ijumaa jioni wafike Homa Bay. Jumamosi asubuhi Mbuga ya Ruma, mchana Kisiwa cha Rusinga, jioni wapande mashua hadi Mfangano. Jumapili Thimlich Ohinga, kisha walale Migori au warudi nyumbani. Ukitazama ramani, kila kitu kimekaribiana na kingine. Watu wazima wawili wenye gari zima na moyo mgumu wanaweza kuimaliza orodha hiyo. Akiwemo mtoto wa miaka mitatu, itakatikia Jumamosi saa saba mchana, mtoto analia kiti cha nyuma na wazazi hawasemezani.

Ushauri wangu ni kupanga safari kwa kufuata saa, vivutio vije baadaye. Mtoto aliye chini ya miaka sita ana saa nzuri tangu anapoamka hadi karibu saa sita. Baada ya hapo joto, njaa na usingizi humshika kwa pamoja, na hakuna sanamu wala twiga atakayemtuliza. Akilala mchana, ataamka na saa mbili hivi za furaha kabla ya giza, ambalo huku huingia kuelekea saa moja. Bahati njema ni kwamba Ziwa Victoria nalo lina ratiba hiyohiyo.

Nieleze kwa nini. Jua linapopanda, nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya ziwani iliyo baridi zaidi huvuma kuelekea pwani kujaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndiyo maana asubuhi maji ya Ghuba ya Winam huwa yametulia, na kufikia alasiri mawimbi yameinuka. Ghuba yenyewe ina kina kifupi, hivyo mawimbi yake huwa mafupi, makali, yanayofuatana upesi na kuirusharusha mashua ndogo. Upande huu wa mashariki wa ziwa, upepo huo wa mchana hukutana na ule unaotoka nyanda za juu, mawingu yakajengeka na mvua ya radi ikashuka alasiri au jioni. Wavuvi wanayajua haya tangu utotoni. Mgeni aliyekodi mashua saa tisa ili apige picha za machweo huyajulia majini.

Kwa hiyo shughuli moja kubwa kwa siku, na iwe imekwisha saa tano au saa sita. Mchana ni chakula na usingizi. Jioni ni kutembea karibu na mahali mlipofikia. Kwa wikendi moja, hayo yanatosha.

Swali linalofuata ni mlale wapi, na hapa sitaficha msimamo wangu. Mwenye watoto wadogo alale Homa Bay. Mji wa Migori ni wa biashara na wa njia: uko kwenye barabara kuu ya kwenda Isebania na Tanzania, malori hayakauki, na ziwa liko mbali nao. Una soko changamfu na mto unaobeba jina lake, lakini ukimtoa mtoto hotelini jioni kuna machache ya kumwonyesha ambayo hayana magurudumu. Homa Bay imekaa ukingoni mwa ghuba, ina gati, ina wachuuzi wa samaki, na nyuma yake kuna Got Asego, kilima chenye ncha ambacho mtoto wa miaka saba anaweza kukipanda asubuhi akishikwa mkono. Tangu sherehe za kitaifa za Madaraka zifanyike hapo tarehe 1 Juni 2025, wageni wengi zaidi wanaujua mji huo.

Wanaotoka Kisumu wapite Katito na Kendu Bay. Kabla ya kufika Homa Bay, simameni Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililomo ndani ya shimo la volkeno, karibu tu na Kendu Bay. Kusimama hapo ni kwa muda mfupi, na watoto hupata kunyoosha miguu. Wasimulieni hadithi ya mahali hapo: bikizee mchovu aliyefika kijijini kukiwa na karamu, akafukuzwa kila nyumba, akapokewa na mwanamke mmoja tu, usiku ikashuka mvua na kijiji kikazama, akapona yule mwenyeji wake. Pengine mtawakuta flamingo. Hata wasipokuwepo, mtoto atawauliza maswali kuhusu yule bikizee hadi mfike hotelini, na hiyo ni nusu ya safari iliyopita bila simu. Mkiwa huko kumbukeni pia kwamba Wasabato ni wengi katika eneo hili. Misheni yao ya kwanza nchini Kenya ilianzishwa Gendia, jirani na Kendu Bay, mwaka 1906. Jumamosi baadhi ya maduka na vibanda hufungwa. Maziwa, nepi na maji nunueni Ijumaa.

Familia ya Nairobi isijidanganye. Kwa barabara, kupitia Narok, Bomet na Kisii, siku nzima imekwisha. Kwa wikendi ya kawaida ya siku mbili safari hiyo haiwafai watoto. Ngojeni yenye sikukuu Ijumaa au Jumatatu, au mpande ndege hadi Kisumu. Wanaosafiri kwa matatu wamlipie mtoto kiti chake. Anayepakatwa mlangoni mwa Probox iliyojaa hana pa kushikilia gari likifunga breki ghafla, na nauli mliyookoa ni ndogo mno.

Jumamosi nendeni Ruma. Mbuga hii ya kilomita za mraba 120 katika Bonde la Lambwe ilianza kama hifadhi mwaka 1966, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye uso uliopakwa nyeusi na nyeupe. Kuna twiga, punda milia, nyati, na vifaru waliorudishwa. Msiwaahidi watoto simba wala tembo. Mtoto aliyeahidiwa tembo hatamtazama korongo hata akisimama mbele ya gari. Ada hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, basi ilipeni hotelini usiku kwenye intaneti nzuri, msije mkahangaika langoni. Ingieni mapema wanyama wakiwa bado wanalisha, mtoke kabla ya jua kuwa kali.

Jambo la pekee la Ruma ni mbung'o. Kwa miaka mingi nzi huyu ndiye aliyelilinda bonde, maana aliwafukuza wakulima na ng'ombe wao kwa malale na nagana. Habari njema ni kwamba mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Hata hivyo mbung'o bado wapo, na wanauma kweli, hata kupitia nguo nyepesi. Wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego mtakayoiona mbugani imeshonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Jinzi ya mtoto ibaki hotelini. Mvalisheni kaki au kijivu, mikono mirefu, na vioo vya gari vifungwe mnapopita vichakani.

Mkitoka mbugani mtakuwa na njaa, na hapa kuna somo dogo la jikoni. Samaki mzima wa kukaanga au wa mchuzi, akiandaliwa vizuri, huchukua muda mrefu, pengine saa nzima. Pigeni simu mkiwa njiani muagize, mkute anaiva. Kwa mtoto chagueni mbuta: miiba yake ni mikubwa, inaonekana na kuondolewa kwa urahisi. Ngege ni mtamu kuliko mbuta, wenyeji watawaapia hivyo nami sibishani nao, lakini miiba yake ni myembamba na inahitaji vidole vya mtu mzima. Omena ni ya mtoto aliyezoea nyumbani. Hotelini si pa kumfundishia.

Jumapili ni Rusinga. Barabara ya lami hutoka Homa Bay hadi Mbita, na kutoka hapo mnavuka kwa daraja lililochukua nafasi ya tuta la miaka ya 1980. Tuta lile liliunganisha kisiwa na bara lakini likaziba mkondo wa maji. Wekeni watoto pembeni mwa daraja, mikono ikiwa imeshikwa, waone maji yanavyopita sasa chini yao. Kisiwani kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, lililojengewa jengo lenye umbo la risasi. Mtoto wa miaka minne haelewi siasa na asilazimishwe, ila mwenye miaka minane atauliza kwa nini, na jibu liwe tayari. Watoto wengi huvutiwa zaidi na habari kwamba katika udongo wa kisiwa hiki, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani asiye na mkia aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Wapeni ruhusa ya kutafuta mawe ya ajabu, lakini wayaache palepale. Visukuku ni mali ya taifa.

Mfangano nausifu sana, pamoja na michoro yake ya kale miambani na makumbusho ya Abasuba, lakini si kwa wikendi hii. Njia yake ni ya maji, na kuifikia michoro kunataka kupanda. Ngojeni watoto wakue.

Kama lazima mpande mashua, zungukeni kidogo karibu na ufuo, asubuhi. Waulizeni viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo huo, ni chombo gani kinaaminika. Wao ndio wanaowajua manahodha wao. Jaketi okozi la mtu mzima halimfai mtoto wa kilo 12, kwa sababu akianguka majini litapanda na kumtoka kichwani. Lijaribuni nchi kavu: mvisheni, fungeni mikanda yote pamoja na ule unaopita katikati ya miguu, kisha mwinueni kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Lisipopatikana la ukubwa wake, msipande. Mwenye watoto anayesafiri ziwani mara kwa mara anunue lake.

Kuoga ziwani ni marufuku, nalisema bila kulainisha. Kichocho kimeenea katika fuo za ziwa hili. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua likiwa juu, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu; maji ya magotini penye majani, yale ambayo mzazi huyaona salama, ndiyo mabaya zaidi. Kuna na viboko, ambao hutoka kulisha jioni. Watoto wakitaka maji, tafuteni hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Kuna raha moja ya jioni ambayo haihitaji kuingia majini. Wavuvi wa omena huwasha taa usiku kuvuta samaki, na kutoka ufuoni zinaonekana zimejipanga kwa mbali. Kwenye mbalamwezi kali hawatoki, kwa sababu taa hazifanyi kazi. Anayetaka watoto wazione achague wikendi ya mwezi mwandamo, kisha wazitazame kutoka barazani kabla ya kulala.

Thimlich Ohinga je? Wenye watoto wa miaka sita kwenda juu wana haki ya kupinga mpango wangu wote na kulala Migori kwa ajili yake. Maboma hayo ya mawe yako kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji, yalijengwa yapata karne ya 16, na UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake hufika zaidi ya mita nne mahali pengine, na hakuna saruji wala udongo wa kushikiza: mawe yamepangwa tabaka la nje na la ndani, katikati yakajazwa mawe madogo. Malango ni mafupi makusudi, adui aingie ameinama. Watoto hupita wima huku baba akijikunja, na hawachoki kurudia. Wakatazeni jambo moja tu, kupanda kuta, kwani jiwe likitoka mahali pake hutikisa jingine. Na bondo, ile miti yenye matawi mazito yaliyosimama wima, isiguswe. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni mtaitafuta hospitali mbio.

Neno kuhusu jamaa. Wengi wenu mna dala, yaani boma la nyumbani, upande huu, na habari za kuwasili kwenu zitatangulia gari lenu. Shangazi akisikia mmelala hotelini mtajieleza hadi Krismasi. Mpigieni mapema, mwambieni mtapita Jumapili saa nane, na mpite kweli; watoto watalala usingizi wao wa mchana chini ya mwembe wake.

Mwisho ni malaria. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye malaria nyingi zaidi Kenya. Haikuwa bahati nasibu kwamba chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo ilizinduliwa nchini huko Ndhiwa, Septemba 2019. Mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya mwenzake wa hapa. Mwoneni daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga, ulizeni hoteli kama ina vyandarua kabla ya kulipa, na kuanzia magharibi mtoto avae mikono mirefu. Dalili huweza kuchelewa majuma kadhaa. Mtoto akishikwa na homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na neno la kwanza mnalomwambia daktari liwe kwamba mtoto alilala Homa Bay.