Tiyo ya chuma inapoingia katika kisanduku cha umeme: rangi isikate njia



Koperative ikinunua mota ya umeme na grupu kwa kukoboa mpunga, fundi anapitisha waya ndani ya tiyo ya chuma, juu panya wasizitafune. Ni vizuri. Lakini pale tiyo inapoingia katika kisanduku cha chuma, hatari inaweza kujificha.

Waya ikichubuka inagusa tiyo, na tiyo yote inakuwa na volti 220. Mama akiishika, yuko miguu peku na sakafu iko na maji, umeme unapita mwilini mwake.

Wengine wanasema: «Tulipiga nondo katika udongo, inatosha.» Hapana. Tufanye hesabu. Udongo unazuia umeme. Kama kizuizi ni omu 50, volti 220 gawanya kwa 50 ni ampea 4.4 tu. Fyuzi ya ampea 16 haitakatika, na tiyo itabaki na umeme. Inafaa chuma kishikane na chuma mpaka kwenye grupu, ili umeme urudi kwa nguvu na fyuzi ikate.

Namna ya kufanya:

1. Zima grupu. Anayefanya kazi akae na funguo.
2. Kwangua rangi na kutu kando ya tundu, ndani na inje, mpaka chuma king'ae. Rangi inazuia umeme.
3. Kaza nati mbili, moja ndani, moja inje. Tiyo isitikisike.
4. Funga waya ya kijani na manjano toka kwa tiyo mpaka skrubu ya udongo ya kisanduku. Iendelee mpaka mwili wa mota na mwili wa grupu.
5. Fundi ahakikishe waya ya netre ya grupu imeungwa na mwili wa grupu. Bila hiyo umeme hauna njia ya kurudi.
6. Grupu ndogo haina nguvu nyingi ya kukatisha fyuzi. Ongezeni dijonkteri ya difransieli ya miliampea 30.

Kupima ni rahisi. Grupu ikiwa imezimwa, chukua betri na balbu ya tochi: waya moja kwenye kisanduku, ingine mwisho wa tiyo. Balbu ikiwaka sana, ni vizuri. Ikiwaka kidogo ama isipowaka, rudia namba 2. Pimeni kila mavuno ya mpunga, sababu kutu inarudi.

Mita moja ya waya iko bei ndogo kuliko matanga.