KUANDIKA JINA JIPYA KATIKA DAFTARI LA KOMPYUTA



Sisi makapita ndio tunaandika liste ya majina ya kalasi. Siku moja tulikuta Ramazani Jean mara mbili, tukafuta mmoja. Kumbe walikuwa watu wawili! Ndugu yetu alifika siku ya interro, jina lake hakuna. Tulimwomba msamaha. Kompyuta nayo inaweza kufanya kosa hilo, na leo tunaeleza namna gani.

Vyuo vikuu na makampuni makubwa yanaweka majina ya watu wao katika daftari moja la kompyuta, na kompyuta zingine zinaliuliza. Njia ya kusema na daftari hilo inaitwa LDAP. Ilitokea mwaka 1993, na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kiliifanyia kazi sana. Programu ya kuongeza majina inaweza kuandikwa kwa lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliitengeneza mnamo 1972.

Tukumbuke Yosefu na Maria. Hawakuandikwa fasi yoyote tu, walikwenda Betelehemu, mji wa ukoo wa Daudi. Hapa pia ni vile: mwanafunzi anaandikwa chini ya kalasi, kalasi chini ya shule. Kama kalasi haijaandikwa bado, mwanafunzi hawezi kuingia.

Programu inafanya kazi hizi:

1. Inapiga hodi, inasema jina lake na neno la siri.
2. Inataja fasi ya mtu: jina lake, kalasi, shule.
3. Inapanga habari zake moja moja. Mwisho wa liste inapashwa kuweka alama NULL. Bila alama hiyo programu haijui kusimama, inasoma mpaka vitu visivyo vyake.
4. Inatuma yote kwa amri ldap_add_ext_s, kisha inapokea namba ya jibu.
5. Inaaga na kufunga mlango.

Jibu 0 ni vizuri. 32 maana yake fasi ya juu haipo, kwa mfano kalasi. 65, habari hazifuati kanuni, pengine moja ya lazima imekosekana. 68, jina hilo limekwisha kuandikwa.

Sasa tufike kwetu. Daftari hili lina fasi ya jina la ukoo (sn) na ya prénom (givenName). Postnom haina fasi yake. Lakini sisi tuko na postnom tangu 1972, Mobutu alipokataza majina ya kikristo. Majina hayo yaliporudi, wengi wetu tukabaki na majina matatu. Programu ya mvivu inaacha postnom, na Ramazani Jean wa pili katika kalasi moja anapata 68. Kama programu haisomi jibu, inaendelea mbele tu. Mtu hayumo, wala hakuna anayejua.

Dawa ni mbili. Kwanza, kuandika majina yote matatu katika jina kamili (cn), na kumtaja mtu kwa namba yake ya shule (uid), isiyofanana na ya mwingine. Pili, kusoma jibu kila mara.

Na wewe unayeandika kwa bic, fanya vile vile. Mbele ya kufuta jina, uliza kwanza mwenyewe.

Kapita, mwaka wa mwisho