Mtoto mwenye adabu anaweza kukataa

Wazazi wengi hapa kambini huwalea watoto kwa amri moja: "Mtii mkubwa." Ni malezi mema, na hakuna anayependa mtoto asiyesalimia watu. Lakini amri hiyo ikiishia hapo, mtoto huelewa kwamba kila mtu mzima ana haki ya kumwamuru lolote. Mtu mwenye nia mbaya anaijua sana adabu hiyo, na ndiyo anayoitumia.

Tuchukue msichana wa miaka 9 aliyetumwa kupanga foleni na kadi ya posho. Mwanamume aliyevaa fulana ya shirika anamwambia: "Njoo nyuma ya ghala nikuongezee mafuta." Msichana hamjui, lakini anaona ni mkubwa, tena mwenye kazi. Nyumbani aliwahi kuchapwa kwa kumkatalia mkubwa. Atafanya nini? Ataenda.

Basi tusimfundishe ujeuri, tumfundishe maneno. Anaweza kusema: "Shikamoo baba. Mama amenikataza kwenda popote kabla sijamwambia. Ngoja nimwite." Hapo hajamtukana mtu. Mwenye nia njema atangoja. Mwenye nia mbaya ataudhika au ataondoka zake. Mzoeshe jioni mkisubiri maharage yaive: wewe uwe mwalimu, sungusungu, mchungaji, hata mjomba, naye akujibu. Rudieni mpaka aseme bila kuinamisha kichwa. Akishasema, arudi kwenye watu wengi. Mtu akimshika, apige kelele na kukimbia. Hapo adabu haidaiwi tena.

Mweleze pia mambo ambayo hakuna mkubwa anayeruhusiwa kuyafanya: kumshika sehemu za siri, kumwonyesha za kwake, kumpa biskuti au fedha na kusema "usimwambie mama." Muuguzi akihitaji kumpima, mzazi au mlezi awepo. Haya wafundisheni wavulana pia, maana tunawasahau mno.

Sehemu ngumu ni yetu sisi wazazi. Mtoto akisema "sitaki kwenda kwa fulani," usikimbilie fimbo. Muulize kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Aliyepigwa kwa kusema hasemi mara ya pili.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa kufutwa kwenye orodha ya posho. Jueni hili: mwezi Oktoba 2003, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa kanuni inayowakataza wafanyakazi wake kufanya ngono na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama mfanyakazi atadai hakujua umri wake. Inakataza pia kutoa fedha, kazi, bidhaa au msaada ili kupata ngono. Mashirika yanayofanya kazi kwa mkataba na Umoja wa Mataifa nayo yanabanwa na kanuni hiyo. Posho ni haki yenu, na anayeidai malipo ya aina hiyo ndiye mwenye kosa, si mtoto wala mzazi aliyesema.

Likitokea baya, wahini kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba, kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, kabla ya siku 5. Zote husaidia zaidi zikiwahiwa. Usimwogeshe kwanza, na nguo alizovaa usizifue. Zifunge kwenye karatasi uje nazo. Msingoje wazee wamalize mazungumzo ya fidia. Kesi inaweza kungoja kesho, dawa haingoji. Kwa walio Tanzania, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mhudumu wa afya wa mtaa wako akusindikize.