Kabla Hujaandika ‘Increase’ kwa Mara ya Tano

Chukua daftari la insha za Kiingereza la kidato cha tatu, iwe Kasulu au Kibondo, usome insha moja tu. Watu wa wilaya wanaongezeka, bei ya maharage inaongezeka, ukataji miti unaongezeka, na mwandishi mwenyewe anaomba michango ya shule isiongezeke. Mzigo wote umebebwa na ‘increase’. Mwalimu anapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: tumia visawe. Wiki inayofuata mwanafunzi anarudi na ‘accumulate’, ‘accrue’ na ‘amass’ akiwa amezimwaga humo ovyo, na sasa insha inasema wilaya ya Kibondo imejilimbikizia watu.

Lawama nyingi naziweka kwenye vile vijitabu vya mitihani vinavyopanga visawe kwa safu, kana kwamba ukichomoa kimoja unachomeka kingine. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyechapisha kamusi yake maarufu ya maana mwaka 1852, alikuwa mwangalifu zaidi. Aliyapanga maneno kwa mawazo, na ndani ya mpango huo kuongezeka kuna sehemu yake, kukusanyika kuna yake, na kuweka akiba kuna yake. Ni majirani, ila kila mmoja ana mlango wake.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama jambo linajiendea lenyewe au lina mtu nyuma yake. Kiswahili hulijibu mwishoni mwa kitenzi: unaongeza, kinaongezeka, unarundika, vinarundikana. Mtoto wa Kasulu ana mazoezi ya ziada, maana Kiha anachozungumza nyumbani nacho huchezesha mwisho wa kitenzi kwa namna hiyo hiyo. Kiingereza hakina ukarimu huo. ‘Increase’ na ‘accumulate’ hufanya kazi zote mbili bila kubadilika umbo, ilhali ‘accrue’ kwa kawaida hujiendea na ‘amass’ hudai mtendaji. Riba kwenye akaunti ‘accrues’ hata mwenye akaunti akiwa usingizini. Mali haiji yenyewe, lazima mtu a-‘amass’. Waliosoma Azimio la Arusha la 1967, lililowakataza viongozi mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha, wanakumbuka lugha ya siasa iliyotamba baada yake: kujilimbikizia mali. Ile ‘ji’ ya mbele na ‘ia’ ya mwisho zinaonyesha kidole: anakusanya mwenyewe, na ni kwa faida yake. Sijaona kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachoyabeba yote mawili, lakini ‘amass’ ndicho kinachokaribia.

Swali la pili ni kama kitu kinakua mwili au kinaongezewa vipande. ‘Increase’ na ‘accrue’ zote zinatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukua. ‘Accumulate’ inatokana na neno la Kilatini la lundo. Lundo ni punje juu ya punje, na kila punje inabaki punje. Ndiyo maana vumbi, madeni, ushahidi na mafaili ya ofisini hu-‘accumulate’, lakini mtoto, mji na mhindi shambani hu-‘grow’.

Halafu kuna kasi, na hapa nyanda za juu za Kigoma zina mfano ambao hauhitaji kutungwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Kwa miaka mingi watoto walizaliwa humo, shule zikajengwa, soko likapata wateja wake. Kwa hali hiyo ‘grew’ inatosha, na ukitaka kuonyesha mwendo wa taratibu, ongeza ‘gradually’ au ‘steadily’. Kisha ukaja 2015. Machafuko ya kisiasa ya Burundi yalianza Aprili, na kufikia Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapandisha hadi Nyarugusu. Kambi ilifurika, na ilipofika Oktoba ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Mwanafunzi akiandika kwamba mwaka 2015 idadi ya wakimbizi ‘grew gradually’, sarufi yake haina kasoro ila habari yake ni ya uongo. Maneno ya siku zile ni ‘surge’ na ‘influx’. Na kwa pale Kagunga, watu wakiwa wamekwama ufukweni na wengine wakizidi kushuka kila siku, ‘massed’ ndilo linalofaa.

Kuna uwanja mmoja ambako tofauti ya taratibu na ghafla huamua mali ya watu. Mto Malagarasi, kabla haujazunguka kuelekea mabwawa ya Moyowosi, huwa mpaka wa Tanzania na Burundi kwa sehemu ya safari yake. Kanuni ya jumla ya sheria ya mito ya mipaka ni kwamba mto ukihama kidogo kidogo, tope likijishikiza upande mmoja mwaka hadi mwaka, mpaka huhama nao. Hiyo huitwa ‘accretion’. Mto ukiruka kwa mafuriko ya usiku mmoja na kuchimba njia mpya, mpaka hubaki palepale ulipokuwa, na jina lake ni ‘avulsion’. Nje ya sheria na jiolojia, ‘accretion’ iache ipumzike. Kwenye insha ya soko la Kasulu itaonekana kama suti kwenye shamba la mihogo.

Nimebakiza neno ninalolipenda kuliko yote, na ni letu. Kulimbika, kwa maana yake ya zamani, ni kungoja kitu kijikusanye kwanza ndipo ukitumie, na mfano uliozoeleka ni maji. Wakati wa kiangazi, chemchemi inapokuwa inatoa jicho tu, mtu huchota kilichopo, huketi pembeni, huacha kishimo kijae tena, ndipo huingiza kata. Anayelimbika hafanyi lolote kwa mkono. Kazi yake ni subira. Jirani yake ni kudunduliza, ambako mkono unafanya kazi: shilingi mia tano leo, elfu moja wiki ijayo, hadi ipatikane bati. Wanachama wa vikoba hudunduliza hisa, na siku ya kuvunja kikoba hugawana. Kwa Kiingereza, kudunduliza ni ‘save up’ au ‘put by’, na ‘accumulate’ humo inasikika kama taarifa ya benki.

Kutoka kulimbika tukapata kulimbikiza, na kutoka hapo yakaja malimbikizo ya mishahara, maneno ambayo walimu wa nchi hii hawahitaji kuelezwa. Nayo ndiyo yanayowaangusha wengi wanapoandika barua ya madai kwa Kiingereza. ‘Accumulation of my salary’ humfanya msomaji adhani una akiba nono mahali fulani. Andika ‘salary arrears’. Asili ya ‘arrears’ ni neno la Kifaransa la nyuma: malipo yaliyoachwa nyuma ya tarehe yake. Kiingereza kinatazama kalenda iliyopita, Kiswahili kinatazama kishimo kinachojaa, ingawa safari hii aliyeketi pembeni akingoja hakuchagua kungoja.

Kwa bei ya maharage, mambo ni mepesi. Ikipanda shilingi hamsini hapa na mia pale bila mtu kushtuka, ‘creeps up’. Ikipaa, ‘soars’. Tunaposema “inazidi kupanda”, wengi huandika ‘is increasing to rise’. ‘Keeps rising’ inatosha, kwani hiyo ‘keeps’ ndiyo ‘zidi’ yetu. Vibanda vinavyoota kama uyoga vina ‘mushroom’, ambayo kwa Kiingereza ni kitenzi kamili, na mtu wa Kibondo anayeokota uyoga porini baada ya mvua za kwanza hahitaji maelezo. Jambo dogo linalovuta jingine hadi kuwa kubwa lina ‘snowball’, donge la theluji linaloporomoka mlimani likinenepa, na hata asiyewahi kuiona theluji analitumia bila shida.

Mlanguzi anayefungia magunia ghalani akisubiri msimu wa njaa ana ‘hoard’, neno lenye lawama ndani yake. Ghala la serikali likifanya hivyo hivyo kwa ajili ya maafa, lina ‘stockpile’. Na lile gunia lililoshonewa kilemba hadi likapita kipimo, tunaloliita lumbesa, usilitafutie kisawe. Andika ‘lumbesa’, kisha eleza kwa sentensi moja ni nani anayepunjwa.