Steringi Hafi: Hollywood na Ulaya Machoni pa Watazamaji wa Kalundu

Mwezi Februari 1915 Wajerumani walishusha majini, pale Kigoma, meli waliyoiita Graf von Götzen. Ilikuwa imeundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari na kupandishwa treni hadi Ziwa Tanganyika. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili waje kuiibua siku moja. Aliyeiibua, mwaka 1924, ni Mwingereza, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Watu wa makamo wa Uvira, upande wa Kongo, hawahitaji kuelezwa ni meli gani: mwaka 1997 ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira ikiwarejesha nyumbani makumi ya maelfu ya wakimbizi wa vita.

Mkasa wa meli hiyo ulimpa mwandishi Mwingereza C. S. Forester wazo la riwaya yake The African Queen, iliyotoka mwaka 1935. Ndani yake, fundi wa mashua na mwanamke wa misheni wanateremka mto kwa mashua mbovu, wakikusudia kuilipua meli ya Wajerumani iliyolitawala ziwa. Hawafaulu. Mashua yao inazama katika dhoruba, wanakamatwa, nahodha Mjerumani anawaachilia, na meli inakuja kuzamishwa na wanamaji wa Uingereza. Ukurasa wa mwisho hausemi kama wawili hao waliishi kwa raha. Mwaka 1951 John Huston aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, sehemu kubwa ikipigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa waigizaji wakuu. Humo mwisho ni mwingine kabisa. Wawili hao wako chini ya kitanzi tayari kunyongwa, nahodha anakubali kuwafungisha ndoa kwanza, na mara meli inaigonga mashua yao iliyopinduka, ambayo bado imebeba mabomu waliyoyatengeneza. Meli inalipuka, bwana na bibi harusi wanaogelea kuelekea ufukweni.

Ziwa ni moja, miisho ni mitatu. Katika riwaya dunia ni kubwa kuliko watu wawili. Wanajitahidi, wanashindwa, na kazi inamalizwa na wengine. Katika filamu, kazi lazima imalizwe na mikono ya wahusika tuliowafuata tangu mwanzo. Hapo ndipo lilipo chimbuko la tofauti nyingi kati ya filamu za Hollywood na zile tunazozoea kuziita za Ulaya, na hapo ndipo pa kuanzia tukitaka kuelewa kwa nini mtazamaji wa kawaida wa Kalundu, penye bandari ya Uvira, anayekaa kwenye benchi la ukumbi wa video baada ya kushusha mizigo bandarini, huipenda moja na kuiacha nyingine.

Ahadi ya Hollywood ni ya wazi na ya zamani. Tangu 1934 hadi 1968 studio za Marekani zilijifunga kwa kanuni za maadili zilizojulikana kama Hays Code, na mojawapo ilitaka uhalifu usionekane ukishinda. Kanuni zilifutwa, mazoea yakabaki. Hadi leo studio huwaonyesha watu wa kawaida filamu ambayo haijakamilika, hukusanya maoni yao, na mwisho usiopendwa huweza kupigwa upya. Kumbi zetu zimeieleza biashara hiyo yote kwa maneno mawili: steringi hafi, yaani shujaa wa filamu hafi. Kijana anayelipa kiingilio anajua amenunua nini.

Ulaya fedha hutoka kwingine. Ufaransa ilianzisha mwaka 1946 taasisi ya umma ya sinema, CNC. Kila tiketi ya sinema inakatwa asilimia 10.72, hata kama ni tiketi ya filamu ya Marekani, na fedha hizo hurudi kusaidia kazi mpya. Ubelgiji nayo ina mifuko yake ya umma. Mwongozaji anayetengeneza filamu kwa msaada wa namna hiyo halazimiki kumridhisha kila mtu katika kila nchi. Anaweza kuimaliza pale ambapo swali bado linauma. Tena desturi na sheria za Ufaransa humpa sauti kubwa juu ya toleo la mwisho, wakati Hollywood neno la mwisho kwa kawaida ni la studio.

Kuna pia suala la kasi. Mtaalamu wa sinema wa Marekani, David Bordwell, alichunguza muda ambao picha moja hukaa kabla ya kukatwa kwenda nyingine. Kati ya 1930 na 1960 filamu nyingi za Hollywood zilikuwa na wastani wa sekunde 8 hadi 11 kwa picha moja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyingi zilikuwa zimeshuka hadi kati ya sekunde 3 na 6. Picha fupi hulishika jicho hata penye vurugu. Sasa fikiria ukumbi wenyewe: jenereta inanguruma nje, watu wanaingia na kutoka, mtoto analia, mwingine anauliza ni nani aliyeuawa. Filamu ya mapigano haikupotezi ukigeuka kununua karanga. Filamu ya watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya chini jikoni, tena kwa maandishi madogo chini ya kioo cha televisheni, hufia humo hata iwe nzuri namna gani.

Kutokana na hali hiyo kumezuka hukumu ninayoipinga kwa moyo wote. Utasikia wasomi wetu wakisema vijana wa vitongoji hawana subira, kwamba akili zao zimezoea bunduki, kwamba filamu ya kufikirisha ni ya watu wa madarasa. Hukumu ya namna hii tumekwisha kuisikia, ila zamani ilikuwa kinyume. Mwaka 1936 utawala wa Kibelgiji uliwazuia Waafrika wa Kongo kuona filamu yoyote ambayo haikupitishwa na tume ya ukaguzi. Upande wa Waingereza, William Sellers, aliyekuwa kiongozi katika Colonial Film Unit, kitengo kilichofanya kazi kati ya 1939 na 1955, alifundisha kwamba Mwafrika anahitaji filamu ya polepole: picha ndefu, hadithi iliyonyooka, pasiwe na kuruka wakati wala ujanja wa kamera, la sivyo atachanganyikiwa. Wamisionari wa Kibelgiji kule Kasai nao walitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili vilivyopimwa kwa imani kama hiyo. Na katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walikuwa wakizifuata filamu za makauboi kwa bidii ya ajabu. Walivaa kama makauboi, wakajiita Bills kwa kumkumbuka Buffalo Bill, wakajitungia hata lugha yao ya mtaani. Hakuna aliyechanganyikiwa na farasi wanaokimbia.

Jana wataalamu walisema hatuwezi kufuata ya haraka, leo wanasema hatuwezi kuvumilia ya polepole. Kauli zote mbili zinapima akili ya mtazamaji na kusahau alichowekewa mbele yake.

Ushahidi uko majumbani. Jioni, kwenye nyumba zenye umeme au betri ya sola, akina mama na mabinti hufuatilia tamthilia za Amerika ya Kusini zilizoingizwa sauti za Kifaransa, na filamu za Nigeria, ambamo watu hukaa sebuleni wakizungumza, wakilia, wakinyamaza, kisha wakazungumza tena. Filamu za marehemu Steven Kanumba wa Tanzania, aliyefariki Aprili 2012, zilivuka ziwa hili zikiwa na maongezi marefu na machozi mengi, na bunduki zilikuwa chache. Watu walizitazama sehemu ya kwanza na ya pili bila kuchoka. Upole wa mwendo, basi, si kikwazo. Watazamaji wetu huvumilia ukimya wowote mradi wanamfahamu anayenyamaza na wanajua ananyamazia nini.

Kumfahamu huko kunatengenezwa na lugha. Afrika Mashariki ina kazi ambayo nchi nyingi hazina: mtu anayesimulia filamu nzima kwa sauti yake juu ya sauti ya waigizaji. Uganda wanaitwa VJ, na jina la VJ Jingo linajulikana mbali. Kenya wana DJ Afro. Tanzania Lufufu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kujulikana kwa kazi hiyo. Rwanda filamu za aina hiyo huitwa agasobanuye. Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza desturi ngeni, anatania, anaonya, anajaza kimya. Ukitazama orodha ya walizosimulia utakuta Marekani, Hong Kong na India kwa wingi. Filamu za sebule na jikoni kutoka Paris au Liège hazimo, au ni za kutafuta kwa tochi. Anayechagua kwanza, kwa hiyo, si kijana wa benchi la nyuma. Ni msimulizi, na muuzaji anayejaza filamu kwenye flashi na memori kadi. Mtazamaji anachagua katika kile kilichobaki.

Hata hivyo, Kalundu imetazama filamu za Ulaya mara nyingi bila kujua. Taken, ile ya baba anayekwenda Paris kumtafuta binti yake aliyetekwa, ilitengenezwa na Wafaransa: ilitoka mwaka 2008, mwongozaji ni Pierre Morel, hadithi ni ya Luc Besson na Robert Mark Kamen, na mwigizaji Liam Neeson ni mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. The Transporter ya 2002, ile ya dereva asiyeuliza ndani ya mzigo mna nini, nayo inatoka kwa Besson na kampuni yake. Banlieue 13 ya 2004, ambamo vijana wanaruka kutoka paa hadi paa, ni ya Kifaransa hadi kwenye jina. Na The African Queen yenyewe, niliyoanza nayo, ilitengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni ya Uingereza na ya Marekani. Tunachokiita "Hollywood" ni namna ya kuahidi na kutimiza, na mtu wa taifa lolote anaweza kuitumia.

Nije sasa kwenye filamu ambazo naamini zinaikosa Kalundu, na Kalundu inazikosa. Rosetta ya ndugu Jean-Pierre na Luc Dardenne, Wabelgiji, ilishinda Palme d'Or kule Cannes mwaka 1999. Ni msichana anayeishi na mama mlevi kwenye gari la kuhamahama, anayetaka kazi, kazi yoyote, na anaipigania kwa meno na kucha. Kijana mmoja anakuwa rafiki yake. Rosetta anamchongea kwa bosi ili achukue nafasi yake kwenye kibanda cha kuuza keki. Mwishoni anabeba mtungi wa gesi, mzito, kamera iko mgongoni kwake, tunasikia anavyohema. Anaanguka, analia. Yule kijana ambaye Rosetta alimsaliti anamwinua. Rosetta anamtazama. Filamu imekwisha. Mtu aliyewahi kubeba gunia kutoka kwenye boti hadi kwenye lori pale bandarini, huku akijua kwamba wengine kumi wanaingoja nafasi yake, hahitaji profesa wa kumweleza tukio hilo.

Ndugu hao hao walitoa Tori et Lokita mwaka 2022. Watoto wawili kutoka Afrika Magharibi na ya Kati wanajifanya dada na kaka huko Ubelgiji ili wapewe karatasi. Wanahojiwa, wanabanwa kwa maswali, wanadaiwa na waliowasafirisha. Familia nyingi za Uvira na Fizi zina ndugu kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, na zinajua mahojiano ya ukimbizi yanavyofanywa na uzito wa jibu moja lililokosewa. Msichana wa filamu hiyo anakufa. Ni kweli, ahadi ya steringi inavunjwa, na ukumbi utaumia. Lakini watu wanaoumia kwa sababu wanajua jambo lenyewe hawatoki ukumbini.

Tena iko filamu moja ya Kifaransa isiyohitaji msimulizi hata kidogo. Makala ya Emmanuel Gras, ya 2017, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes, inamfuata mchoma makaa wa Katanga. Anakata mti, anaufukia, anauchoma, anayafunga makaa kwenye magunia juu ya baiskeli, kisha anaisukuma kilomita zipatazo 50 hadi Kolwezi akayauze. Anazungumza Kiswahili, Kiswahili cha Kongo, na kila mtu wa hapa atamwelewa. Ni polepole kuliko filamu yoyote ya mapigano, maana baiskeli yenye mzigo ule haiendi mbio.

Kwa wasimulizi wa Kigoma, Bujumbura na Kampala: chukueni Rosetta, mtafute kibali chake, mwipe sauti zenu zilezile mlizompa Rambo. Ofisi za utamaduni za Ufaransa na Ubelgiji, ambazo nchi zao zilizilipia filamu hizi kwa fedha za umma, zitoe nakala na ruhusa kwa kumbi ndogo kwa bei ambayo ukumbi mdogo unaweza kulipa. Na mwenye ukumbi wa Kalundu, chagua jioni isiyo na mechi, punguza kiingilio, weka Makala, uwaache wabeba mizigo waamue wenyewe.