Nyamrerwa na Nauli Yake

Ogwedhi iko mpakani mwa kaunti za Migori na Narok, nchini Kenya, na sokoni mwake Mjaluo, Mkuria na Mmaasai hupatana bei kila mmoja kwa Kiswahili chake. Mtoto akishikwa na homa katika boma lililo mbali na barabara, anayeitwa kwanza ni nyamrerwa. Zamani neno hilo la Kijaluo lilimtaja mkunga na mjuzi wa mitishamba. Siku hizi linambeba pia mhudumu wa afya nyanjani, mwenye mkoba wa vifaa, simu ya kazi na kaya takriban 100 za kutembelea.

Kazi hii ilipangwa katika mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006, na kwa miaka mingi wengi waliifanya kwa kujitolea tu. Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahudumu zaidi ya 100,000 na kuwapa vifaa. Posho ikatangazwa: Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Oktoba mwaka huohuo ikaja Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, iliyowatambua. Ni hatua kubwa. Lakini posho si mshahara, na malalamiko ya kucheleweshwa kwake yamesikika katika kaunti nyingi.

Tupige hesabu ya kukadiria. Bodaboda Sh100 kwenda na Sh100 kurudi, safari mbili kwa wiki, ni Sh1,600 kwa mwezi. Ongeza bando la kutuma ripoti na chai ya siku ndefu, na posho imeshamegwa vibaya kabla haijafika jikoni. Aliyekubali kutoa muda wake hakukubali kumlipia nauli aliyemtuma. Jambo hili liandikwe kabla ya safari ya kwanza, hasa na mashirika na makanisa yanayowaita wahudumu haohao kwa kampeni za siku chache: kugawa vyandarua, kuhesabu kaya, kuwatafuta watoto waliokosa chanjo. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini huko Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019, na dozi yake ya nne hutolewa mtoto akiwa na miaka 2. Anayemkumbuka mtoto huyo muda wote huo, na kurudi kubisha mlangoni, ni nyamrerwa.

Posho na marejesho ya gharama ni vitu viwili, na kuvichanganya huzaa ugomvi. Posho ni kiasi kilichopangwa, utumie usitumie. Marejesho ni pesa uliyotoa mfukoni, urudishiwe ileile. Wahasibu hudai risiti, na mwendeshaji bodaboda hatembei na kitabu cha risiti. Basi viwango vya kila njia vikubaliwe mapema, kisha mhudumu ajaze karatasi ya safari: tarehe, alikotoka, alikokwenda, nauli, nambari ya pikipiki na sahihi ya mwendeshaji. Ukilipa kwa M-Pesa, usifute ujumbe. Mvua ikinyesha nauli hupanda, kwa hiyo viwango vitaje na bei ya masika. Safari ya mbali, kama ile ya mjini Migori, pesa itangulie. Mama anayeuza mboga hana uwezo wa kulikopesha shirika.

Nauli, hata hivyo, ni kidonda kidogo. Kikubwa ni ajali.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa. Karani wa zahanati akivunjika mguu kazini, mwajiri ana siku 7 za kuiarifu ofisi ya usalama na afya kazini, na bima aliyolazimika kuikata ndiyo inayolipa. Nyamrerwa akivunjika mguu katika shughuli ileile, swali la kwanza huwa: una mkataba wa ajira? Bila mkataba, njia iliyobaki ni kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe wa aliyemtuma, na dai dhidi ya serikali kuu lina muda wa miezi 12 tu. Naliona hilo kuwa dhuluma, kwa sababu hatari haiulizi cheo cha mtu. Katika kaunti za ukanda wa ziwa, wahudumu hawa hutoboa vidole vya wagonjwa kupima malaria. Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Nauli ya safari hiyo iwe ya kwanza kulipwa, bila kusubiri karatasi.

Ajali ya bodaboda ina mkondo wake. Ripoti polisi, upate nambari ya OB (kitabu cha matukio) na abstrakti ya polisi, kwani bila hizo kampuni ya bima haitakusikiliza. Kabla ya kupanda, uliza kama bima ya pikipiki ni ya kubeba abiria. Iliyokatiwa matumizi ya kibinafsi huipa kampuni mwanya wa kulikataa dai.

Wapo watakaosema bima ya afya ya SHA inatosha. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu, na kila mhudumu ajisajili. Mchango wa chini ni Sh300 kwa mwezi. Lakini haimlipi mtu siku alizolala nyumbani na mguu wa plasta, wala haimfidii aliyepoteza jicho. Hapo ndipo inapohitajika bima ya ajali ya kikundi, ambayo kampuni za bima nchini huuza. Shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu lina mpango wa bima ya ajali kwa watu wake wa kujitolea. Shirika linalopata pesa za fulana na mabango lianze na bima hiyo.

Kuna jambo moja ambalo Ogwedhi inalijua kuliko miji ya mbali na mpaka. Njia ya nyamrerwa haisimami pale ramani ya kaunti inapokoma. Mgonjwa akiita kutoka Transmara, upande wa Narok, ataendewa. Akianguka huko, Migori itasema hakuwa kwake, na Narok itasema haimjui. Barua ya kumteua basi itaje vijiji vyote anavyohudumia, pande zote mbili, jina la msimamizi, viwango vya nauli na nambari ya bima. Nakala moja ikae zahanati, nyingine ndani ya mkoba.